Gari Lililowahi Msiba

Kasian Nyalusi alikuwa na kanuni moja ambayo hakuwahi kuivunja tangu alipoacha udereva wa kuajiriwa: gari lililotengenezwa leo halisafiri leo. Likishakamilika, lilale. Jioni mwenye gari atandike boksi chini ya injini, na alfajiri apige magoti aangalie kama kuna tone. Tone likiwepo, safari hakuna. Boksi likiwa kavu, ndipo watu wapande.

Kanuni hiyo hakufundishwa na mwajiri yeyote. Aliipata barabarani, mwaka ambao mama yake alifariki. Wakati huo alikuwa tayari anaishi Ilomba, Mbeya, na gari lake, Hilux, lilikuwa limeshazeeka. Dada yake Yusta alimpigia simu kutoka kwao Kilolo, akamwambia mama anaumwa sana, aje. Kasian akasema, "Mpe simu niongee naye." Yusta akajibu kwamba mama amelala.

Kasian alinunua ndizi mbivu na maziwa ya mgando, vitu ambavyo mama yake alivipenda, akaondoka vilevile alivyokuwa, na breki ambazo alijua zinashika upande mmoja. Kwenye mteremko mmoja karibu na Mafinga breki zilikataa kabisa. Gari likaingia kwenye miti ya misonobari, yeye akatoka na damu mdomoni na meno mawili mkononi. Akamalizia safari juu ya lori la mbao, ndizi zake amezikumbatia. Alipofika alikuta kaburi limeshasawazishwa na watu wanakula. Mama yake alikuwa ameshakufa kabla simu ile haijapigwa.

Ndiyo desturi. Kifo hakitamkwi kwenye simu kwa mtu aliye mbali. Anaambiwa fulani anaumwa, aje, na anayeambiwa anaelewa mwenyewe njiani, taratibu, ili habari isimwangushe akiwa peke yake. Wanaofanya hivyo huiita huruma. Lakini uongo wa huruma nao ni uongo, na watu wakishauzoea, neno "anaumwa" linabaki halina kazi tena kwa mgonjwa wa kweli.

Siku ile Kasian hakuona huruma yoyote. Mbele ya wafiwa wote, shati likiwa na damu, alimwambia dada yake: "Ulisema amelala. Wewe ni mwongo, Yusta. Kuanzia leo neno lako silipokei."

Yusta ndiye aliyembeba Kasian mgongoni walipokuwa wadogo, na ndiye aliyeachishwa shule darasa la nne ili mdogo wake asome. Alitazama chini, akaendelea kugawa chakula.

Miaka tisa ilipita. Kasian hakukanyaga Kilolo. Moyoni alitaka wapatane, na kila mwaka alivyozidi kuzeeka ndivyo alivyozidi kutaka. Mke wake Matilda alilijua hilo. Ila Kasian alitaka Yusta ndiye aanze. Alitaka aitwe.

Aliitwa Jumatatu moja asubuhi, akiwa anapalilia kabichi nyuma ya nyumba. Aliyepiga alikuwa Aroni, mtoto wa kwanza wa Yusta.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Mama anaumwa, Mjomba. Hali si nzuri. Anakuita uje."

"Anaumwa nini?"

"Wewe njoo tu, Mjomba."

Kasian alirudisha simu mfukoni, akaegemea jembe. Kisha akamwita mkewe.

"Mama Shedrack, Yusta amekufa."

Matilda alitoka jikoni mikono ikiwa na unga. "Nani amekwambia?"

"Aroni."

"Amesema amekufa?"

"Amesema anaumwa, nije tu."

Matilda akaketi kwenye ngazi ya mlango, akaanza kulia. Halafu akanyamaza ghafla, akajifuta kwa kiwiko. "Lakini Baba Shedrack, kama kweli anaumwa?"

"Wewe ulizaliwa wapi? Umeshawahi kusikia mtu amepigiwa simu akaambiwa ndugu yako amekufa?"

"Mpigie tena. Mwambie akupe uongee na wifi yangu."

"Ataniambia amelala."

"Huwezi kujua."

"Najua. Nilishaambiwa."

Yusta hakuwa amelala. Saa hiyo alikuwa amekaa kitandani, ameegemezwa mito miwili, analishwa uji wa ulezi kwa kijiko. Alikuwa ametoka kulazwa hospitali ya Tosamaganga wiki iliyotangulia. Daktari alikaa na wanawe akawaeleza ukweli wote, kwamba hakuna kilichobaki ila kumpeleka nyumbani akae na watu wake. Aroni alipiga simu ile chumbani humohumo, mama yake akimtazama. Mtoto gani angesema mbele ya mama yake, kwa sauti, kwamba mama anakufa? Yusta alikuwa na akili zake zote na sauti yake yote.

"Amesemaje?" aliuliza.

"Anakuja."

"Basi kisogezeni kitanda dirishani. Nataka nimwone akishuka."

Mtu anayejua dada yake yu hai hupanda basi la alfajiri, na saa saba mchana yupo Iringa. Kasian hakuwa na haraka hiyo. Aliyekufa hana cha kuwahiwa, aliwaza, ila maziko, na baada ya yale ya mama hawangethubutu tena kuzika bila yeye, ndugu pekee wa kiume wa marehemu. Tena lilikuwepo jambo jingine, ambalo hakumwambia hata mkewe. Miaka tisa watu wa Kilolo walikuwa wamemsema. Sasa angefika na gari lililojaa waombolezaji, mchele na masufuria, angesimama mbele ya jeneza na kuomba msamaha kila mtu akisikia. Alitaka wamwone. Kwa hiyo aliinyanyua Hilux, ileile aliyoifufua baada ya ajali, kwa jeki, akaiweka juu ya mawe, akavua magurudumu yote manne.

Kazi aliifanya mwenyewe, na aliifanya vizuri. Alifungua breki gurudumu baada ya gurudumu, akatoa shuu zilizoliwa. Alipaka grisi beringi. Aliminya mipira ya rejeta mmoja mmoja kwa vidole, ule uliokuwa umelainika akautupa. Mchana alikwenda Mwanjelwa, kwenye duka la vipuri la Yunusu, mtu aliyemfahamu tangu siku za kazini.

"Mzee Nyalusi!" Yunusu alimpokea. "Ile Hilux bado ipo hai?"

"Ipo hai kuliko wewe."

"Mimi nina sukari, usinifananishe na gari. Haya, breki shuu za mbele na nyuma, mkanda wa feni, oili. Unakwenda wapi na vitu vyote hivi? Umeoa tena?"

"Nakwenda Kilolo. Dada yangu."

Kicheko cha Yunusu kikakatika. Aliinamia kaunta, akashusha sauti. "Mgonjwa wa kweli, au mgonjwa wa simu?"

"Wa simu."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Pole sana, mzee wangu." Akachukua kopo jingine la oili, akaliweka juu ya yale mengine. "Hili ni rambirambi yangu. Usilikatae."

Kasian hakulikataa. Alishukuru, na kwa kulipokea ndipo kifo cha Yusta kilipokamilika kichwani mwake. Jioni ile habari ilikuwa imeshazunguka. Apolonia, mwenyekiti wa umoja wa watu wa Kilolo waishio Mbeya, alikuja na wanawake sita. Majirani wakaleta viti. Turubai likafungwa kati ya mwembe wa jirani na ukuta, na katekista akaongoza rozari kumwombea marehemu Yusta pumziko la milele. Kasian alisali nao, kucha zake zikiwa na grisi.

Huko Kilolo, huyo waliyemwita marehemu alikuwa anamuuliza Aroni kama gari kutoka Mbeya limeshapita Mafinga.

Jumanne Kasian alirudishia magurudumu, akatoa hewa kwenye breki, akabadilisha oili. Aroni alipiga simu wakati yeye yupo chini ya gari. Matilda alimwekea sikioni.

"Mjomba, umefika wapi?"

"Gari bado lipo juu ya mawe. Tunatoka kesho, Mungu akipenda."

"Kesho?" Sauti ya Aroni ilipanda. "Mjomba, si ungepanda basi?"

"Basi halitoshi. Nina watu, nina mizigo."

"Mizigo ya nini?"

"Utaiona. Mtusubiri, wala msifanye lolote kabla sijafika."

Aliondoa sikio kwenye simu, akaendelea kukaza nati. Matilda alibaki amechuchumaa pembeni ya gurudumu.

"Ameuliza mizigo ya nini," alisema. "Mfiwa gani asiyejua mizigo ya msiba?"

"Bado mdogo."

"Ana watoto wanne, Baba Shedrack."

"Nipe spana ya kumi na nne."

Akampa. Jioni gari likawashwa, likanguruma vizuri, likazimwa. Kasian akatandika boksi chini ya injini.

Alfajiri ya Jumatano alipiga magoti akiwa na tochi. Katikati ya boksi kulikuwa na doa dogo la kijani, maji ya rejeta. Alifuata kwa tochi mpaka akaona yanapotokea: kwenye wota pampu. Wanawake walikuwa wameshafika na vifurushi vyao, Apolonia amevaa koti zito.

"Safari hakuna," Kasian alisema.

"Kwa ajili ya tone?" Apolonia aliuliza. "Kaka, hata mimi navuja zaidi ya hapo, na Mbozi nafika."

Wanawake walicheka kidogo, wakakumbuka wapo msibani, wakaacha. Matilda hakucheka. Alimvuta mumewe kando ya choo.

"Tubebe dumu la maji. Tutaongeza Chimala, tutaongeza Makambako. Twende."

"Hivyohivyo ndivyo nilivyokwenda kwa mama."

"Usinitajie mama. Mimi nakwambia kuhusu Yusta. Roho yangu haijatulia."

"Roho yako itulie. Huyo hasogei tena. Ni sisi ndio tunaweza kufa njiani."

Hapo alisema jambo la akili, na kila dereva mzee angemuunga mkono. Akaenda tena Mwanjelwa, akaleta pampu, akamwaga maji, akafungua. Boliti moja ilikatikia ndani, akahangaika nayo mpaka jua likaanza kushuka. Akafunga, akajaza maji, akawasha. Na kwa kuwa lilitengenezwa siku ile, likalala.

Jumatano hiyo, kabla ya saa nne asubuhi, sauti ya Yusta iliondoka. Alikuwa anamwambia Aroni asifunge dirisha, neno likaishia katikati, na halikurudi.

Alhamisi boksi lilikuwa kavu. Kasian alilinyanyua akawaonyesha wanawake, upande huu na upande ule. "Mnaona? Hata tone." Alikuwa amefurahi, na furaha hiyo haikuwa ndogo. Wakapakia gunia la mchele, masufuria mawili makubwa, blanketi. Matilda alikaa mbele, Apolonia na wenzake watatu nyuma, wengine wakajibana kwenye bodi na mizigo.

Safari ilikuwa njema kupita zote alizowahi kuendesha kwa gari lile. Mlima Nyoka ulipita bila moshi. Tambarare ya Igurusi na Chimala ilipita, mshale wa joto umesimama katikati kama umepigwa msumari. Baada ya Makambako ubaridi uliingia, wanawake wakaanza nyimbo za kanisani.

"Kaka Kasian," Apolonia alisema kutoka nyuma, "unaendesha kama umebeba mayai."

"Nimebeba waombolezaji. Sitaki wageuke marehemu."

Kule kwenye mteremko wa misonobari alikanyaga breki kwa makusudi. Zilishika sawasawa, magurudumu yote. Alitikisa kichwa kwa kuridhika, kisha midomo yake ikaanza kucheza. Matilda alijua alikuwa anapanga maneno atakayosema mbele ya jeneza.

Mchana uliinama walipoiacha lami na kuingia njia ya kijijini. "Kanga viunoni," Apolonia aliamuru. Wanawake wakajifunga, na kama desturi inavyotaka watu wa msiba wafike wakisikika, akaanzisha kilio.

"Uwii! Yusta dada yetu! Umetuacha na nani, Yusta!"

Wote wakaitikia. Sauti zilijaa ndani ya gari, zikatoka madirishani, zikatangulia kwenda nyumbani kwa Yusta. Hapo ndipo Kasian alipotazama mbele. Uani hapakuwa na turubai. Hapakuwa na moto, wala viti, wala watu. Palikuwa na mahindi yameanikwa kwenye mkeka na kuku anayadonoa.

Mguu wake ulikanyaga breki, na breki zile mpya zililisimamisha gari papo hapo.

"Nyamazeni," alisema.

Hawakumsikia. Waliomsikia walidhani uchungu umemzidi, wakazidisha.

"Nyamazeni! Nyamazeni, nasema!"

Aroni alitoka ndani akiwa ameshika kikombe. Alisimama mlangoni akawatazama, kanga viunoni, masufuria, gunia. Alipozungumza hakupaza sauti.

"Mnamlilia nani?"

Wanawake waligeuka kumtazama Kasian.

"Nauliza, Mjomba. Nani amekufa?"

"Ulisema..." Kasian alishuka, mlango akauacha wazi. "Ulisema njoo tu."

"Nilisema anaumwa. Nilisema anakuita."

"Kwa nini hukuniambia yu hai?"

Aroni alimtazama kama mtu anayeulizwa kwa nini hakusema kwamba jua linawaka. "Nikwambie mgonjwa yu hai?"

Kitanda kilikuwa dirishani, na dirisha lilikuwa wazi. Yusta aliona gari likiingia, na kila neno la kilio alilisikia. Alikuwa amekonda mpaka macho yakawa makubwa kuliko uso. Macho hayo yalimfuata Kasian kutoka mlangoni hadi alipopiga magoti kando yake.

"Dada," alisema. "Dada, mimi Kasian. Nimekuja. Nilidhani..." Akashindwa kumalizia, kwa maana hakuna namna nzuri ya kumwambia mtu kwamba ulidhani amekufa na ukachukua muda wako. "Nisamehe. Nisamehe ya mama, nisamehe ya leo."

Midomo ya Yusta ilisogea. Haikutoa kitu. Ilisogea tena, kwa bidii, mishipa ya shingo ikasimama, kisha akachoka.

"Alikuwa anaongea mpaka jana asubuhi," Aroni alisema kutoka mlangoni. "Alikuwa na neno lako. Juzi nilimwambia, mama, niambie mimi nimpelekee Mjomba kwenye simu. Akakataa. Akasema la Kasian atamwambia Kasian."

"Lilihusu nini?"

"Nimeshakwambia. Alikataa."

Uani wanawake walikuwa wamesimama bila kujua mikono yao waiweke wapi. Mmoja alinong'ona kwamba warudi Mbeya. "Halafu tuje tena keshokutwa?" mwingine akamjibu. "Funga mdomo, anasikia," Apolonia aliwakemea, naye akiwa anafungua kanga kiunoni, haraka, kwa aibu. Walilifunika gunia la mchele na masufuria kwa turubai ili mgonjwa asiyaone kutoka dirishani. Wakagawanywa nyumba za majirani. Wakabaki wanasubiri, na kila mtu kijijini alijua wanasubiri nini.

Kasian hakutoka chumbani mle. Alishika mkono wa dada yake, akamwambia kama amemsamehe amminye kidogo tu. Alisikilizia kwa mkono wake wote. Kama Yusta alimminya, hakuwa na nguvu ya kumfanya ajue.

Alikufa Jumamosi, mahindi yakiwa bado uani. Masufuria yalifunuliwa, mchele ukapikwa. Makaburini ilipofika zamu ya ndugu kusema, Kasian alisimama, akakuta yale maneno yote aliyoyapanga njiani hayana wa kuambiwa. Akakaa. Mzee mmoja wa ukoo aliinuka badala yake, akamshukuru mbele ya watu kwamba safari hii Kasian amejirekebisha: amekuja mapema, na amekuja na watu. Waombolezaji waliitikia. Matilda peke yake ndiye aliyeinamisha uso.

Hilux ilirudi Ilomba bila hata pancha. Kanuni ya Kasian ilimfikisha salama kila mtu aliyepanda gari lile. Kasian mwenyewe ilimgharimu siku ambazo dada yake alikuwa bado anaweza kusema, na neno alilokuwa amemwekea, ambalo hakuna mtu mwingine aliyelisikia.